Hela ya kitanda irudi kujaza kitanda

Mwaka 2016 Sauti za Busara, tamasha la muziki la Zanzibar, haikufanyika. Wengi wameshasahau mana mwaka uliofuata ilirudi, na mpaka leo kila Februari Ngome Kongwe inajaa, lakini ule mwaka inabidi tuukumbuke vizuri kwasababu kilichoisimamisha haikuwa vita wala ugonjwa wala mvua, ilikuwa hela tu. Tamasha lililoanza 2004, linalotajwa kila wanapokutana watu wa muziki wa Afrika, lilikosa wafadhili wa kutosha, waandaaji wakatangaza mwaka huu hakuna. Na Februari hiyohiyo hoteli za Zanzibar ziliendelea kulaza wageni, risiti ziliendelea kukatwa, kodi ya malazi ikaendelea kuingia serikalini kama kawaida. Hela ambayo tamasha limesaidia kuileta kisiwani kwa miaka zaidi ya 10 ilikuwepo, ila tamasha lenyewe halikuwa na njia ya kuifikia.

Hapo ndo ilipo hoja yangu na naisema mapema ili asiyekubaliana ajue pa kuanzia kunijibu. Sehemu ndogo ya kodi anayolipa mgeni kwa kulala iwekwe kwenye mfuko wake peke yake, ilipie matukio yanayoleta watu walale, na ipimwe kwa usiku uliolalwa kwenye miezi ambayo vyumba viko wazi. Sio kwa picha za umati mbele ya jukwaa wala kwa idadi ya tisheti zilizogawiwa wala kwa nani alikuwa mgeni rasmi.

Tuanze na hela yenyewe inavyokusanywa. Zanzibar mgeni kutoka nje analipa kodi ya miundombinu dola 5 kwa kichwa kwa usiku, kabla ya 2023 ilikuwa dola 1. Wengi wanailipa palepale mapokezi, nje ya bei ya chumba ambayo walishalipa mtandaoni miezi nyuma, ndo mana utasikia minong'ono asubuhi ya kuondoka. Mke na mume wakikaa usiku 6 ni dola 60. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki 7. Hebu piga hesabu ya haraka, laki 7 mara usiku 6, nasema 6 kwa mfano tu mana wapo wa siku 3 na wapo wa wiki 2, hapo una usiku milioni 4.2, mara dola 5 ni dola milioni 21. Toa watoto, toa waliosamehewa, toa wanaolala kwenye nyumba za kupangisha mtandaoni ambazo hazijulikani na mtoza kodi, bado ni hela nyingi. Sasa kwenye kila dola 5 hizo toa senti 25 tu, asilimia 5, weka kwenye mfuko wa matukio. Kwa hesabu hiyohiyo ya mfano unapata dola milioni 1 na kidogo kwa mwaka, na barabara na mabomba na umeme vinabaki na asilimia 95 yao bila kuguswa.

Bara nako ipo tozo ya maendeleo ya utalii ilianza 2013, dola 1 na nusu kwa usiku kwenye hoteli, na chini yake halmashauri zinakusanya ushuru wa nyumba za kulala wageni kwenye magesti na lodji ndogondogo. Nenda Moshi, nenda Bagamoyo, nenda Iringa, mwenye gesti atakuonyesha kitabu cha wageni, lile daftari kubwa la mistari lenye jina, kabila, anakotoka, anakokwenda, namba ya chumba na sahihi, na atakwambia afisa wa halmashauri akija analifungua, anahesabu majina ya mwezi mzima, anazidisha na bei ya chumba anatoa asilimia yake. Hiyo ni hela ya mtaani kabisa, ya chumba cha elfu 20 na elfu 30, inakusanywa na halmashauri yenyewe. Ikishafika kule inachanganywa na ushuru wa masoko na leseni na kila kitu, na mwaka ukiisha hakuna wa kumwambia yule mwenye gesti hela ya wageni wake imefanya nini kumletea mgeni mwingine.

Kenya wao ni asilimia 2 ya mauzo ya hoteli na migahawa, inakwenda Mfuko wa Utalii wa taifa. Nitarudi huko mana Kenya wana historia ndefu kuliko sisi kwenye jambo hili na ina mazuri na machungu yake.

Sasa kuna watu wananiambia, kama tamasha ni zuri si liuze tiketi lijitegemee, mbona klabu za usiku zinajitegemea. Hili swali ni la haki na linastahili jibu kamili. Mgeni anayetoka Nairobi au Berlin kuja kwenye tamasha la siku 3 au 4 ananunua tiketi, sawa, lakini tiketi ni hela ndogo kuliko zote anazotoa. Kuna chumba, kuna boti au ndege, kuna teksi kutoka uwanja wa ndege, kuna chakula mara 3 kwa siku, kuna safari ya viungo, kuna siku 2 za kwenda kupumzika Paje au Nungwi baada ya muziki kuisha. Katika yote hayo mwandaaji anaambulia tiketi peke yake. Wengine wote wanapata bila kuchangia jukwaa wala spika wala nauli ya wasanii. Na akiongeza bei ya tiketi ili ajilipe gharama zake zote, anamfungia nje mtoto wa mitaa ya Ng'ambo na Kwahani ambaye muziki ni wa kwake kuliko wa mtu yeyote, na Sauti za Busara kwa sifa yao wamekuwa wakiweka bei ya chini kwa Watanzania makusudi ili hilo lisitokee.

Alafu ukisema basi wenye hoteli wachange kwa hiari, kila mmoja anamwangalia mwenzie. Nikichanga mimi na jirani asichange, wageni si watalala kwake pia? Kwa hiyo anangoja. Jirani naye anangoja. Wapo wachache wenye moyo wanatoa vyumba vya wasanii bure, na Mungu awabariki, lakini huwezi kuendesha tukio la kila mwaka kwa moyo wa watu wachache. Kodi ya malazi imeshamaliza hilo tatizo mana kila chumba kinachangia kulingana na wageni wake, mkubwa kwa mdogo. Mfumo wa kuchangishana upo tayari, unafanya kazi kila usiku. Kilichokosekana ni uamuzi wa kipande chake kirudi.

Kwa kukosa huo uamuzi tumeacha matamasha yetu yaishi kwa balozi za nje. Norway walikuwa nguzo ya Sauti za Busara miaka mingi, tunawashukuru, lakini ubalozi una vipaumbele vyake, wanabadilisha sera kule kwao, wanahamia kwenye mambo mengine, na wewe uliyetegemea unabaki unaandika maombi upya. ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar lililoanza 1998, imepita kwenye njia hiyohiyo ya kutafuta wafadhili mwaka hadi mwaka. Mwandaaji anayeishi hivo hawezi kutangaza tarehe miezi 18 kabla, na asipotangaza mapema mtu wa mbali hawezi kukata tiketi ya ndege kwa bei nzuri, hawezi kupanga likizo, kwa hiyo haji. Hasara ya kutokuwa na uhakika wa hela inaanza mapema sana, kabla hata ya tamasha kuahirishwa.

Kenya walianza 1972. Tozo ya hoteli na migahawa ilitengwa, ikawa na wadhamini wake, na kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa chuo. Utalii College pale Nairobi kilichofunguliwa 1975 kwa msaada wa Waswisi kimeendeshwa kwa hela ya tozo hiyo, na matokeo yake kila mtu wa hoteli Afrika Mashariki anayajua, ingia jiko la hoteli kubwa Arusha au Kampala au Zanzibar hutakosa mtu aliyepita Utalii. Hiyo ndo nguvu ya hela iliyofungiwa kwenye kazi yake, haikuliwa na matumizi ya kila siku ya serikali, ikatengeneza kitu ambacho watu wanakiona mpaka leo. Lakini hela hiyohiyo ikapelekwa pia kwenye chuo kingine, cha Ronald Ngala kule Vipingo, Kilifi, ujenzi ulianza 2013 ukasuasua miaka na miaka, gharama zikapanda, vijana wa Pwani wakabaki wanatazama majengo. Kwa hiyo kutenga hela peke yake hakutoshi. Anayeamua itumike wapi, na anayeruhusiwa kuuliza, hao ndo wanaoleta tofauti kati ya chuo cha Nairobi na cha Vipingo.

Na liko la Lamu. Tamasha la utamaduni la Lamu, mbio za punda, mashindano ya majahazi, mashairi, hina, bao, lina zaidi ya miaka 20 na huwa Novemba. Hoteli na nyumba za wageni za Shela na Lamu mjini zinalipa ile asilimia 2 kama wengine, lakini hela inakwenda kwenye mfuko wa taifa. Kaunti yenyewe haiwezi kuamka asubuhi ikaanzisha kodi ya kitanda, katiba ya Kenya kifungu cha 209 imeipa kaunti kodi ya majumba na ya burudani, nyingine mpaka Bunge liidhinishe kwa sheria. Kwa hiyo Lamu inachangia mfuko wa utalii alafu inaenda kuomba wadhamini wa tamasha lake lenyewe. Mimi naona hapo pana dhulma, sio ya mtu fulani, ya mpangilio. Mji uliolaza mgeni ungestahili walau nusu ya kile mgeni alichotozwa kwa kulala pale.

Wamarekani wamekaa na jambo hili muda mrefu na kuna jimbo ambalo sheria yake ningependa wabunge na wawakilishi wetu waisome, jimbo la Washington. Kule mji unaruhusiwa kutoza kodi ya malazi, na sheria inasema wazi itumike kwa nini, kutangaza utalii, kutangaza na kuendesha matamasha na matukio maalumu, na majengo ya utalii ambayo ni ya umma. Hadi hapo ni kawaida. Kinachonivutia ni namna walivyomfunga mkono mwanasiasa. Mji wenye watu 5,000 au zaidi lazima uwe na kamati ya kodi ya malazi, wajumbe wasiopungua 5, mwenyekiti ni diwani, lakini wengine wanagawanywa sawa kwa sawa, nusu wanatoka kwa wanaokusanya kodi yaani wenye hoteli na nusu kwa wanaofanya shughuli zinazofadhiliwa. Maombi yote yanapita kwao. Baraza la mji likitaka kutoa hela linachagua kwenye orodha iliyotoka kwa kamati na kwa viwango ilivyopendekeza kamati. Mjomba wa diwani mwenye kampuni ya spika hana njia ya pembeni.

Na tangu mabadiliko ya 2013 mwombaji analazimika kuandika kabla, tukio langu litaleta watu wangapi watakaolala nje ya nyumba zao, wangapi watakaotoka umbali wa maili 50 au zaidi, wangapi kutoka jimbo jingine au nchi nyingine. Tukio likiisha anarudi na hesabu halisi, mji unazipeleka kwa kamati ya ukaguzi ya bunge la jimbo, na zinawekwa wazi mtu yeyote asome. Kama uliahidi walalaji 800 wakaja 90, mwaka ujao ukija kuomba karatasi yako ya mwaka jana iko mezani.

Jimboni humo kuna mji unaitwa Leavenworth, uko milimani, mdogo kabisa. Reli ilihamishwa, kiwanda cha mbao kikafungwa, mji ukawa unakufa taratibu. Miaka ya 1960 wenyeji wakaamua kuugeuza sura uwe kama kijiji cha milima ya Bavaria kule Ujerumani, wakaanzisha taa za Krismasi wakati wa theluji na matukio ya vuli. Leo watu wanajazana mwezi wa Desemba, mwezi ambao kwa mji wa milimani wenye baridi ile ungekuwa wa kufunga milango. Sisi hatuna haja ya kuiga Ujerumani ya mtu, tuna ya kwetu ya kutosha. Nachotaka tukione ni jinsi walivyochagua mwezi. Waliangalia lini hakuna watu, wakaweka tukio hapo.

Na hapa ndipo sisi tunapokosea sana kwa maoni yangu, kuliko hata kwenye kukosa hela. Tunapenda kuweka matukio wakati watu tayari wapo. Chukua Safari Rally ya Naivasha. Iliporudi kwenye mashindano ya dunia 2021 ilikuwa Juni, na mji ulifurika, hoteli zote mpaka Nakuru na Gilgil. Mwaka 2024 ikahamia Machi mwishoni, ikaangukia Pasaka hasa. Nani asiyejua Naivasha Pasaka inajaa hata kama hakuna gari hata moja linalopita? Familia kutoka Nairobi zinakwenda ziwani kila mwaka. Kwa hiyo sehemu ya vitanda vilivyojaa wikiendi ile vingejaa tu, mashabiki wa magari wamechukua nafasi ya familia, bei imepanda, na mwisho wa siku mtu anasimama anasema rally imejaza hoteli. Sikatai kwamba tarehe zile za mashindano zinapangwa na kalenda ya dunia na Kenya haiamui peke yake. Nasema tu hesabu ya faida ya Juni na ya Pasaka haiwezi kuwa moja, na anayetoa hela ya umma inabidi aulize ni vitanda vingapi vimejaa ambavyo vingebaki wazi.

Zanzibar mwezi wa 4 na wa 5 ni masika. Hoteli kadhaa za mashariki na kaskazini zinafunga kabisa, zinafanya ukarabati, wafanyakazi wa mkataba wa msimu wanarudishwa nyumbani bila mshahara, wale wa kudumu wanalazimishwa likizo. Ukipita Mji Mkongwe wakati huo utaona gesti ya vyumba 8 ina mgeni mmoja, korido imezimwa taa kubana umeme, kijana wa mapokezi ndo huyohuyo anapika chai na kufua mashuka. Dereva wa teksi anakaa Malindi bandarini anahesabu boti zinazoshusha watu wenye mizigo ya biashara tu. Hapa ndo shilingi ya mfuko wa matukio ina thamani mara kumi ya ile inayowekwa Agosti au Krismasi, mana Agosti chumba kingeuzwa hata usipofanya kitu, na Mei kila mgeni unayemleta ni mshahara wa mtu ambao usingekuwepo.

Najua jibu litakalokuja, masika huwezi kufunga jukwaa la wazi, mvua itanyesha kwenye spika. Kweli kabisa, na ndo mana mfuko usiwe wa muziki wa jukwaani peke yake. Masika ni wakati wa mikutano ya ndani. Makongamano ya Kiswahili ya vyuo vikuu, mikutano ya madaktari, ya mabenki, ya walimu, mashindano ya chesi na bao na karata, warsha za filamu, usiku wa taarab ndani ya ukumbi ambapo vikundi vikongwe vinapiga mfululizo wiki nzima, mashindano ya mapishi ya kipwani. Chama cha kitaaluma cha Dar au Nairobi chenye watu 400 kinatafuta mahali pa mkutano wa mwaka, ukikipunguzia gharama ya ukumbi kwa masharti kwamba mkutano uwe kati ya Aprili na Juni, umepata watu 400 kwa usiku 3 au 4, tena watu wanaokula vizuri na kununua zawadi za nyumbani. Kuna miaka Ramadhani inaangukia humo au karibu na humo, basi kalenda izingatie hilo, mana heshima ya mwezi mtukufu haijadiliwi, na hakuna sababu ya kugombanisha mgeni na mwenyeji kwa kutaka kujaza vyumba.

Pia tuache kufikiri mgeni ni mzungu tu. Kilimanjaro Marathon imekuwa Moshi tangu 2003, kila mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi, na anayetaka chumba Moshi wikiendi ile bila kubuki mapema atajikuta analala Arusha. Wazungu wapo wanakimbia alafu wanapanda mlima, lakini idadi kubwa ni vijana wa Dar na Arusha na Nairobi waliokuja na makundi yao ya jogging, wanalala kwenye zile gesti za elfu 30 ambazo mtalii wa mlima hazigusi. Soko la chumba cha dola 150 na la chumba cha elfu 30 ni masoko mawili, na tukio linaweza kujaza moja bila kuligusa jingine. Halmashauri ambayo ushuru wake unatoka kwenye gesti ndogo inapaswa kufadhili tukio linalojaza gesti ndogo. Bagamoyo wana tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa cha pale, la miongo kadhaa sasa, wana mji wa kihistoria, wako karibu na Dar. Hivi ushuru wa magesti ya Bagamoyo ukirudi robo yake tu kwenye wiki ile ya tamasha, kwenye taa za barabarani usiku, vyoo safi, matangazo Dar miezi 3 kabla, mabasi ya mwisho saa 6 usiku, si watu wangelala siku 2 badala ya kurudi Dar jioni ileile? Anayerudi jioni hajaacha hela ya kitanda, ameacha ya soda na chipsi.

Kupima nako watu wanakuza ugumu wake. Kila nikisikia mjadala huu mtu anasema tuajiri washauri wafanye utafiti wa athari za kiuchumi. Jamani, kodi ya dola 5 kwa kichwa kwa usiku ni mita tayari. Kila hoteli inapopeleka ritani ya mwezi kwa mamlaka ya mapato imeshasema ililaza watu wangapi usiku ngapi. Jumlisha kwa wilaya, weka kwa mwezi, linganisha Mei ya mwaka huu na Mei ya mwaka jana na ya mwaka juzi. Kwa bara daftari la gesti ni mita hiyohiyo. Ukitaka undani zaidi ongeza swali moja kwenye fomu ya mapokezi, umekuja kwa ajili ya nini, likizo, kazi, ndugu, tukio, taja jina la tukio. Ndani ya mwaka mmoja unajua tamasha gani linalaza watu na gani linakusanya watu wa mtaani tu. Na la watu wa mtaani sio baya, lina thamani yake, ila lilipiwe na bajeti ya utamaduni. Mwaka Kogwa ya Makunduchi kwa mfano ni ya Wamakunduchi, ikija na wageni Julai ni heri, lakini siku tukianza kuipangia ratiba na jukwaa la VIP ili ikidhi masharti ya mfuko wa vitanda tutakuwa tumeiharibu.

Wapinzani wa wazo hili wana hoja moja nzito. Mwananchi wa Jambiani maji yanakatika, hoteli ya jirani ina bwawa la kuogelea, taka za hoteli zinachomwa nyuma ya kijiji, na wewe unataka hela ikalipe muziki? Naielewa hasira hiyo na ndo mana nikasema asilimia 5 na sio 50. Maji kwanza, taka kwanza. Ila tukumbuke kodi yenyewe inatokana na mgeni kulala, na mgeni anachagua, saivi anaweza kwenda Diani, Mauritius, Seychelles, Sri Lanka. Tukila yote bila kurudisha chochote kwenye sababu ya yeye kuja, miaka mibaya ikija hata ya mabomba itapungua. Na mwananchi huyohuyo wa Jambiani ndo mpishi aliyerudishwa nyumbani Aprili.

Hofu yangu mimi iko kwingine. Mfuko ukishakuwa na hela wakubwa wanakuja. Nevada mwaka 2016 walipitisha dola milioni 750 za kodi ya vyumba vya hoteli za Las Vegas ziende kwenye uwanja mmoja wa mpira wa Kimarekani wa timu ya tajiri, uwanja ukafunguliwa 2020. Kwetu haitakuwa uwanja, itakuwa tamasha jipya lenye jina kubwa, msanii mmoja wa nje analipwa kuliko wasanii 40 wa hapa, mahema meupe, maspika yamekodiwa nje, usiku mmoja, kesho yake wote wamepanda ndege, na fundi jukwaa wa Darajani na fundi cherehani na mama wa urojo Forodhani hawakupata kitu. Kwa hiyo kanuni ziandikwe kabla hela haijaingia. Tukio moja lisichukue zaidi ya sehemu fulani ya mfuko. Mfuko ulipie sehemu tu ya gharama, nyingine mwandaaji atafute, ili aonyeshe kwamba kuna wengine wanaoliamini. Matukio yaliyothibitika yapewe ahadi ya miaka 3 yaache kuombaomba kila mwaka. Posho za viongozi na hotuba za ufunguzi zisilipwe humo hata senti. Kwenye kamati wawemo wenye gesti ndogo, sio wawakilishi wa hoteli za nyota 5 peke yao ambao tayari wana ofisi za masoko Ulaya.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na Baraza la Wawakilishi linakaa kwenye bajeti wiki chache kabla ya hapo. Hata kama mwaka huu hawako tayari kutenga ile asilimia 5, kuna jambo lisilohitaji sheria mpya wala hela, mamlaka ya mapato na Kamisheni ya Utalii watoe hadharani idadi ya usiku uliolalwa kwa kila mwezi na kila wilaya kutoka kwenye ritani walizonazo, na halmashauri za bara zifanye vivyo hivyo kwa magesti yao. Wenye matamasha wataona ni mwezi gani waje nao, wenye gesti wataona ni tukio gani la kulipigania, na mwakilishi atakayesimama kuuliza swali atakuwa na namba mkononi.